Premio inazima ikipata moto, mafundi wawili wanasema "kontroli boksi imekufa", yaani kompyuta ya injini. Nilipe au ninaliwa?

MwenyePremio (Mukono)
Salaam wakuu. Nina Toyota Premio ya 2003, injini 1ZZ, otomatiki. Wiki ya sita sasa gari linanifanyia vitimbi. Asubuhi linawaka bila neno. Nikiingia foleni ya Jinja Road, baada ya nusu saa hivi, mshale wa mzunguko wa injini unaanguka hadi sifuri na gari linazima papo hapo, halikohoi wala halitetemeki. Nikikaa robo saa likapoa, linawaka na kuondoka kama si lenyewe. Juzi limenizimia Kireka, trafiki mwenyewe ndiye aliyenisaidia kusukuma.

Fundi wa kwanza kabadilisha plagi na pampu ya mafuta. Wa pili kaja na kile kidude cha kuchomeka kinachoongea na simu, simu ikasema haioni gari, akahitimisha kontroli boksi imekufa. Wa tatu hakupima chochote. Kasikiliza hadithi yangu, kakuna kidevu, kasema hivyo hivyo. Anataka laki nane na nusu: laki sita na nusu ya boksi la mtumba, laki mbili za mkono.

Taa ya cheki injini nikifungua swichi wakati mwingine naiona, wakati mwingine siioni. Nilipe?

KijanaWaKireka
Pole ssebo. Kumbe ni wewe uliyetuzibia njia juzi!

Mimi nasema usilipe. Fundi wa kukuna kidevu hana mita ya kupimia umeme.

FundiWaNdeeba
Mwenye uzi, umeandika jambo kubwa ukalipitia haraka, ile taa. Kwenye Toyota hii, ukifungua swichi kabla ya kupiga starta, taa ya cheki injini lazima iwake. Anayeiwasha ni kontroli boksi yenyewe, ndiyo inayoipa ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Isipowaka na glopu ni nzima, boksi halijaamka. Na boksi kutoamka si lazima liwe limekufa. Kuna sababu nne ninazozijua:

Umeme haulifikii, yaani fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme), rilei kuu ya EFI (swichi inayoendeshwa na umeme), au swichi ya ufunguo. Ethi mbaya. Waya wa volti tano umevutwa chini. Halafu mwisho kabisa, boksi bovu.

Hiyo ya volti tano ndiyo inayowala watu. Boksi linatoa volti 5 kwenda kwenye sensa kadhaa, ya throto (mlango wa hewa ya injini) ikiwemo. Sensa moja ikipiga shoti ndani, au waya wake ukichunika na kugusa chuma, zile volti 5 zinaporomoka na boksi linanyamaza lote. Taa haiwaki, mashine haisomi, gari haliwaki. Fundi asiyejua anauza boksi. Boksi jipya nalo likifika linanyamaza vile vile.

Likizima tena, usikimbilie kusubiri lipoe. Fungua swichi, tazama taa, ukaiandike hapa.

KasukuJinja
Wakuu, hili ni tatizo linalojulikana duniani. Mwezi Agosti 2010 Toyota iliita magari takriban milioni 1.13 ya Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008, injini hii hii ya 1ZZ, yarudishwe kutengenezwa kwa sababu ya kontroli boksi. Ndani ya bodi nyufa zilikuwa zinatokea kwenye risasi ya kulehemu. Gari linazima likiwa safarini au linakataa kuwaka. Sasa mwenye Premio ana dalili gani? Hizo hizo. Mwacheni fundi wa watu apate riziki.

PasiYaMoto
@KasukuJinja habari yako ni ya kweli lakini umeileta kwenye gari lisilohusika. Zile zilikuwa za soko la Marekani na Kanada, na boksi zake zilitengenezwa na Delphi. Premio yetu imeshuka Mombasa kutoka Japani, boksi lake ni Denso. Injini ya ukoo mmoja, boksi la baba mwingine.

Mimi kazi yangu ni kufungua hizi boksi, kulehemu na kubadilisha vipande. Niwaambie siri inayoniharibia biashara: nyingi ninazoletewa hazina ugonjwa. Nazifungua, nazitazama kwa lenzi, naziunganisha mezani, zinafanya kazi. Zinazokufa kweli huwa zina kisa. Iliingia maji. Mtu alibusti gari, yaani kuliwasha kwa betri ya gari lingine, akageuza waya. Fundi alichomelea egzosi bila kuchomoa betri. Koili ya plagi au nozeli ya mafuta ilipiga shoti ikaiunguza transista (swichi ndogo ndani ya boksi) inayoiendesha. Boksi la Denso kufa tu lenyewe, bila kisa, sikatai, ila nimeliona mara chache.

Kwa hiyo swali langu kwa mwenye uzi: gari lina kisa gani miezi ya karibuni? Ulilichomelea? Ulilibusti? Lilipita kwenye mafuriko pale Clock Tower?

DerevaMalaba
Kuna boksi zinazokufa bila kisa, PasiYaMoto. Nilikuwa na Pajero ya miaka ya tisini mwanzoni. Ilianza kukosa sailensa, yaani kunguruma sawasawa ikiwa imesimama, baadaye ikawa inazima, baadaye ikagoma. Fundi mmoja wa Tororo alilichomoa boksi, akalifungua, akaninusisha. Harufu ya samaki! Ndani kapasita tatu zilikuwa zimevuja maji yake na kula njia za shaba. Alizibadilisha, akaunga njia mbili kwa uzi wa waya, gari likatembea miaka mingine minne mpaka nilipoliuza. Zile Mitsubishi zilikuwa na ugonjwa huo, ulizeni.

PasiYaMoto
Hiyo nakubali moja kwa moja. Kapasita za Mitsubishi za wakati ule zina sifa mbaya kote. Harufu ya samaki ni ile dawa ya ndani ikivuja. Lakini Denso ya 2003 si hiyo.

KijanaWaKireka
Kwa hiyo sasa tunapima kontroli boksi kwa pua. Mimi najitolea, Kireka tunajua samaki.

HajatiNoah (Entebbe)
Mimi Noah yangu walisema hivyo hivyo, kontroli boksi. Nimenunua, nimefunga, haikupona. Kumbe panya! Walikuwa wamejenga nyuma ya dashibodi ya abiria na kutafuna waya tatu zinazoingia kwenye boksi. Fundi wa tatu ndiye aliyeinama akaona mavi ya panya. Boksi nililonunua bado liko kabatini, mume wangu akilipita ananitazama.

MzeeWaArua
Vijana mnasahau kitu rahisi. Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa ni sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Basi. Ndani yake kuna waya mwembamba kama unywele uliozungushwa, ukichakaa unapanuka kwa joto na kuachana, ukipoa unagusana tena. Na mshale wa mzunguko kuanguka sifuri unathibitisha, kwa sababu mshale unapata habari kutoka kwa sensa hiyo kupitia boksi. Nimebadilisha nyingi hapa Arua, kwenye joto la huku hazidumu. Likizima, mwagia sensa maji ya baridi kidogo kidogo. Likiwaka dakika ile ile, umempata mwizi.

FundiWaNdeeba
Mzee wangu, heshima yako. Lakini sensa ya krenki ikifa, taa ya cheki injini bado inawaka ukifungua swichi. Boksi linakuwa macho, ila halioni injini ikizunguka. Huyu anasema taa wakati mwingine haionekani. Na mshale kuanguka sifuri hautofautishi kitu. Sensa ikikata, mshale unaanguka. Boksi likikosa umeme, mshale unaanguka vile vile.

MzeeWaArua
Anasema "wakati mwingine". Hajasema ni wakati gari limezima. Na glopu ya dashibodi ya gari la miaka ishirini na ushee inaweza kuwa na mguu uliolegea. Nimemaliza.

MwenyePremio
Wakuu asanteni. Leo limezima Banda, saa kumi na mbili jioni. Nilitoka mbio kulisukuma pembeni kabla sijapigwa honi, nikasahau kutazama taa. Nilipokumbuka zilikuwa zimepita dakika kama tano, nikafungua swichi, taa ILIWAKA. Nikapiga starta, halikuwaka. Nikamwagia ile sensa maji ya chupa, kwenye dakika ya nane likawaka.

Visa: kuchomelea ndiyo, mwezi wa pili egzosi ilichomelewa. Betri sijui kama walichomoa. Kubusti, hapana. Mafuriko, hapana.

MzeeWaArua
Dakika nane badala ya kumi na tano. Kesi imekwisha.

BintiBombo
Haijaisha mzee. Alifungua boneti! Boneti ikifunguka kila kitu humo ndani kinapoa, sensa, rilei, koili, waya. Ungemwambia siku nyingine afungue boneti dakika kumi bila kumwaga maji, ndipo tulinganishe.

Halafu jamani, kabla ya kubadilisha chochote asome kodi.

KijanaWaKireka
Kodi ya URA (ya serikali) au ya nyumba?

BintiBombo
Kodi za hitilafu, wewe. Ile simu kutoona gari haina maana yoyote. Magari ya Japani ya miaka ile yana tundu lile lile la kupimia la pini 16, ila lugha inayozungumzwa ndani mara nyingi si ile ya vidude vya bei rahisi. Marekani walilazimisha lugha ya pamoja tangu magari ya 1996, Ulaya kwa petroli 2001, lakini gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halikufungwa na sheria hizo. Fundi wa pili angechomeka kidude kile kwenye Premio nzima kabisa ya 2003 angeweza kupata jibu lile lile.

Njia ya zamani: kwenye tundu hilo unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha, hesabu taa inavyokonyeza. Ikikonyeza sawasawa bila kupumzika, hakuna kodi. Ikikonyeza mara moja, ikapumzika, ikakonyeza mara mbili, hiyo ni 12. Kodi 12 au 13 ni ishara ya mzunguko wa injini, 14 ni upande wa koili. Usiguse pini ya 16, hiyo ni betri moja kwa moja.

KasukuJinja
Pia apime pini 6 na 14, apate omu 60. Isipokuwa 60 mtandao wa ndani umekatika.

FundiWaNdeeba
Kasuku, hiyo ni kwa magari yenye mtandao wa CAN, wa kompyuta za gari kuzungumza, ambapo mna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho, vikikaa sambamba unasoma 60. Premio ya 2003 haina kitu hicho. Atapima asione kitu, aogope bure, akanunue boksi.

KasukuJinja
Basi nimekosea hapo. Ya Toyota kuita magari sijakosea.

MwalimuWaMbale
Hakuna aliyezungumzia ethi kwa kina na mimi ni mwalimu wa fizikia, niruhusuni kidogo. Starta ya gari dogo ikizunguka inaweza kuvuta ampea 150. Tuseme waya unaorudi kutoka injini kwenda bodi ya gari una kutu, kizuizi cha omu 0.01 tu, kitu ambacho mita ya elfu ishirini haitakuonyesha. Zidisha: 150 mara 0.01 ni volti 1.5. Yaani wakati wa kupiga starta injini yote inaelea volti moja na nusu juu ya hasi ya betri, na ethi za kontroli boksi zimefungwa kwenye injini! Boksi linadhani dunia imepanda.

Kwa hiyo usipime ethi kwa omu. Waya wenye uzi mmoja uliobaki kati ya hamsini utasoma sifuri safi, lakini hauwezi kubeba mzigo. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige starta. Ukisoma zaidi ya nusu volti, anza kutafuta kutu. Kisha hamisha ncha ile kwenye waya wa ethi wa boksi lenyewe gari likinguruma, hapo nataka usiione hata volti 0.1.

Na ukishika mita tayari, iweke kwenye mkondo geu (AC), pima betri gari likiwa linanguruma. Zaidi ya nusu volti, dayodi za alteneta (jenereta ya gari) zimechoka, zinapeleka kelele kwenye kompyuta.

KijanaWaKireka
Mwalimu umenirudisha S.2, sekondari. Mimi Kiswahili yangu ni ya barabara, lakini hiyo ya "boksi linadhani dunia imepanda" nimeshika.

DerevaMalaba
Kijana wewe Kiswahili chako ni cha jeshi, usidanganye watu.

KijanaWaKireka
Cha askari ni amri, mimi nimejifunza kwa konda wa taxi. Afadhali amri.

MwenyePremio
Mwalimu nimepima. Injini kwa betri wakati wa starta: 0.7. Ethi ya boksi sikuifikia, iko ndani sana. Alteneta 0.04, betri ikinguruma 14.1. Kodi: nimeunganisha 4 na 13, taa imekonyeza bila kupumzika. Hakuna kodi.

Lakini nikumbushe, fundi wa tatu alichomoa betri alipokuja.

BintiBombo
Basi kafuta ushahidi. Kila fundi akifika kitu cha kwanza ni kuchomoa betri, kana kwamba anaosha mikono. Usiichomoe tena. Subiri lizime, kisha soma hapo hapo barabarani.

PasiYaMoto
0.7 si nzuri. Mwalimu ana pointi. Ila 0.7 wakati wa starta haielezi kuzima ukiwa kwenye foleni, ambapo starta haifanyi kazi.

MwalimuWaMbale
Haielezi moja kwa moja. Lakini kiungo chenye kutu kikipata joto kinaweza kubadilika. Feni na taa nazo zinarudi kwa ethi hiyo.

MwenyePremio
Kuna kitu sikusema mwanzo, mnisamehe. Mwezi wa kwanza nilichukua mkopo kwa kuweka gari dhamana. Kampuni ya mkopo ilifunga kifuatilio, kile cha kuonyesha gari lilipo. Kijana mmoja alikifunga kwa dakika ishirini, chini ya usukani.

FundiWaNdeeba
YESU NA MARIA. Uzi wa siku tatu, watu wamepima dunia yote, mzee ana kifuatilio cha mkopo!

KijanaWaKireka
Banange! Ulitaka tukuambie boksi limekufa wakati aliyeshika swichi ni mdai wako?

FundiWaNdeeba
Sikilizeni. Vifuatilio vya mkopo vingi vina rilei ya kukata. Usipolipa, wanatuma ujumbe, gari linakufa. Ili rilei hiyo ikate, kijana anakata waya mmoja wa gari na kuupitisha kwenye rilei. Waya gani? Wengine pampu ya mafuta, wengine waya wa swichi unaoamsha kontroli boksi. Wanaunga kwa kupindapinda na utepe mweusi. Rilei yenyewe ni ya elfu kumi. Chini ya usukani kukiwa na joto, kiungo kinalegea, gari linazima PAPO HAPO. Alisema halikohoi! Gari la mafuta mabaya mara nyingi linakohoa kwanza.

Likikatwa kwenye waya wa swichi wa boksi, taa ya cheki injini haiwaki. Likikatwa kwenye pampu, taa inawaka na gari linagoma. Vyote viwili amevisema.

MzeeWaArua
Vyote viwili haviwezi kuwa waya mmoja.

FundiWaNdeeba
Kijana wa dakika ishirini anaweza kukata waya wawili, mzee.

HajatiNoah
Mimi nauliza tu, unalipa mkopo kwa wakati?

MwenyePremio
Hajati nalipa. Siku moja mbili zinapita, lakini nalipa.

DerevaMalaba
Siku moja mbili. Hahaha.

Nami niongeze mshukiwa ambaye hamjamtaja sawasawa: swichi ya ufunguo. Ile sehemu ya umeme nyuma ya kitasa. Gari la miaka ishirini, mwenyewe ana funguo za nyumba, za duka, za kufuli la geti, zote zinaning'inia hapo. Vidole vya shaba ndani vinachoka. Ukiwa barabarani, mtikiso mmoja wa shimo, vinaachana, boksi linalala. Likizima tena, shika ufunguo uutikise kidogo kabla hujafanya lingine. Malori yetu tunaitambua hii.

PasiYaMoto
Mkiongeza washukiwa hatutamaliza. Apewe kipimo kimoja cha boksi lenyewe: avute boksi litokee kwenye dashibodi likiwa bado limeunganishwa, gari lingurume, alipashe joto kwa drayeri ya nywele kutoka mbali. Kama kuna risasi iliyopasuka ndani, litazima sebuleni badala ya Kireka. Akipiga kwa kidole pia, taratibu. Msipige kwa nyundo, nimeletewa za nyundo.

Na Kasuku, kumbuka boksi la Premio liko ndani pamoja na abiria. Moto wa injini haulifikii. Likipata joto ni la jua na la transista zake.

KasukuJinja
Gari likiwa kwenye foleni saa nane mchana Jinja Road, huko ndani ni oveni. Usidharau jua.

HajatiNoah
Nina saluni, drayeri zipo. Aje Entebbe, boksi litoke na nywele pia.

MwenyePremio
Nimeazima ya mke wangu. Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika ya kumi na mbili injini imekohoa mara moja, haikuzima. Nimepiga kwa kidole, hakuna. Sijui nihesabu kukohoa.

PasiYaMoto
Kukohoa mara moja si kitu.

KasukuJinja
Ni kitu.

BintiBombo
Kabla hajashawishika kununua boksi, nimpe kisa changu. Gari langu lilitoka Uingereza, lina ufunguo wa chipu. Boksi lilikufa kweli kweli, maji yaliingia kwenye washing bay (pa kuoshea magari), nilishuhudia ukijani juu ya bodi. Nikanunua la mtumba lenye namba ile ile. Boksi la Toyota lina namba inayoanza na 89661, na zile tarakimu za mwisho lazima zifanane, la otomatiki si la gia za mkono. Nikafunga, gari likazunguka starta bila kuwaka, taa ya ufunguo ikikonyeza. Boksi halikuujua ufunguo wangu!

Fundi akachomoa kijichipu cha miguu minane kutoka boksi bovu, kile kinachotunza siri ya ufunguo, akakilehemu kwenye jipya. Likawaka. Lakini kama kile kijichipu nacho kingeoza kwa maji ningekwama. Premio nyingi za Japani hazina ufunguo wa chipu kwa hiyo wewe unaweza kuwa na bahati. Uliza kwanza.

Na anayekuuzia boksi mwambie akufungie, litembee wiki, ndipo umlipe. Wakikataa utajua.

MwenyePremio
Wakuu, nimerudi baada ya siku kadhaa. Jumamosi FundiWaNdeeba alikubali kuja nyumbani (asante sana). Tulifanya hivi siku moja:

Kifuatilio. Tulikuta waya mmoja umekatwa, wa swichi unaokwenda kwenye kontroli boksi, umeungwa kwa kupindwa na utepe. Rilei yao ilikuwa ya moto ukishika. Tukaitoa, tukaunga waya kwa risasi.

Ethi. Ile kamba ya shaba kutoka injini kwenda bodi ilikuwa kijani. Tumeisafisha kwa msasa, tukaongeza waya mwingine. Sasa inasoma 0.1 wakati wa starta.

Sensa ya krenki. Nilikuwa nimeshanunua, kwa heshima ya mzee wa Arua. Tukaiweka.

Rilei ya EFI pia, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuipata.

Leo siku ya kumi na moja. Foleni, jua, mvua, halijazima.

FundiWaNdeeba
Mmeona waya? Nilisema siku ya kwanza "umeme haulifikii".

MzeeWaArua
Sensa mpya, gari zima. Mengine ni mapambo.

MwalimuWaMbale
0.7 hadi 0.1. Naomba mtambue.

KasukuJinja
Boksi lilikohoa kwa drayeri. Subirini kiangazi.

MwalimuWaMbale
Kitaalamu hamjui chochote, mmebadilisha vinne kwa siku moja. Rudisha kimoja kimoja. Anza na sensa ya zamani, tembea siku tatu. Kisha kamba ya ethi.

MwenyePremio
Mwalimu, nirudishe sensa mbovu ili ninyi mshinde ubishi, nami nisukume gari Kireka? Hapana.

PasiYaMoto
Sensa ya zamani ipime tu mezani. Chukua omu ikiwa baridi, kisha ipashe kwa drayeri upime tena. Ikikatika kabisa ikiwa ya moto, mzee ashinde. Ikipanda kidogo tu, hiyo ni kawaida ya shaba.

MwenyePremio
Nimepima. Baridi ilisoma 1,900 na kitu. Ya moto 2,300 hivi. Mara moja ilitoweka, lakini nadhani ncha ya mita iliteleza.

MzeeWaArua
Iliteleza!

BintiBombo
Na kampuni ya mkopo je, haijakupigia? Kifuatilio kimezimwa siku kumi na moja.

MwenyePremio
Wamepiga mara mbili. Nimewaambia gari liko gereji. Mwezi huu ni wa mwisho kulipa, wasubiri.

MamaSpacio (Kasese)
Habari zenu, nimesoma uzi wote usiku huu. Spacio yangu nayo inazima, ila yangu ni ikiwa baridi. Kodi ni 14. Nianzie wapi?

FundiWaNdeeba
Dada, 14 ni koili. Zile koili nne zinamrudishia boksi jibu kupitia waya mmoja wa pamoja. Moja ikipiga shoti, jibu la zote linapotea na boksi linakata nozeli kwa usalama. Chomoa moja moja utazame. Fungua uzi wako, huu umejaa wazee.

KijanaWaKireka
Mwenye Premio, swali la mwisho. Ile pampu ya mafuta ya kwanza, kumbe ilikuwa nzima siku zote. Unaiuza? Kikumi yangu (Corolla ya zamani) inaihitaji.

MwenyePremio
Fundi wa kwanza aliondoka nayo.